Jiwe Nililolificha kwenye Fomu ya Bima

(Aliyetuandikia anaishi Mwanza. Jina lake tumelihifadhi kama alivyoomba.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na minne. Naishi na mume wangu, mabinti zetu wawili na mama mkwe. Kwa asili mimi si mwoga. Nimewahi kuua nyoka jikoni kwa mwiko, nikauosha, nikaendelea kusonga ugali. Lakini tangu mvua hizi kubwa zianze, kijiwe kikidondoka tu juu ya bati, nakimbilia nje.

Mume wangu alikuwa kiwandani. Lilipokuja hili soko huria akapunguzwa kazi, na kiinua mgongo chake chote tukanunulia nyumba huku Mabatini, upande wa mlimani. Baada ya miaka ya kupanga na kugombania choo na wapangaji wenzetu, nilifurahi mpaka nikalia. Nyuma ya nyumba, juu kidogo ya vyumba vya watoto na mama mkwe, kuna jiwe. Watu wa Mwanza mnajua nikisema jiwe nasema nini. Hili ni kubwa kuliko nyumba yenyewe. Aliyetuuzia alisema limekaa hapo tangu enzi za mababu, nami nikaridhika, maana huku kwetu nani hana jiwe?

Siku ile ile ya kuhamia, mume wangu alimwita wakala wa bima kutoka moja ya hizi kampuni mpya za watu binafsi. Aliniambia, "Mama watoto, hii nyumba ndiyo jasho langu la miaka yote. Ikipotea, sina kingine." Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka kuliko wake, nikakabidhiwa fomu.

Mle ndani kulikuwa na swali: je, karibu na nyumba kuna kitu chochote cha hatari, kama vile mto, mti mkubwa au mwamba? Nikalisoma kwa sauti. Mama mkwe, aliyekuwa amefika kutoka Magu asubuhi hiyo, alikuwa ameketi mlangoni. Akanirukia.

"We mwanamke! Siku ya kuingia nyumba unataja nyumba kuangukiwa? Kwetu siku ya kuhamia hakitajwi kifo wala balaa lolote. Unaliita!"

"Mama, ni swali tu la kwenye karatasi."

"Karatasi ndiyo mbaya zaidi. Neno linapita, karatasi inabaki."

Wakala alikuwa na viatu vinavyong'aa, na nyuma kulikuwa na tope. Hakwenda hata kuchungulia. "Jaza tu, mama, tumalize," akasema. Nikaandika: Hakuna. Mume wangu akaacha kuunga kitanda, akaja kutia saini bila kusoma, kwa sababu ananiamini. Hati ya bima ameitundika sebuleni, karibu na picha ya harusi yetu.

Sasa maji yanayoshuka mlimani yanachimba udongo chini ya lile jiwe. Mwezi uliopita pengo lilipitisha vidole viwili. Juzi niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kila asubuhi mume wangu akishatoka, nashindilia mawe na udongo, na mvua ikinyesha vyote vinaondoka. Naogopa, jamani. Naogopa kweli kweli.

Niliwahamishia watoto sebuleni, nikadanganya kuwa chumba chao kinavuja. Mume wangu akapanda juu, akakagua, akashuka anacheka. "Bati zima kabisa hili! Watoto warudi chumbani kwao." Wakarudi. Nilitaka kusema ukweli, nikayawaza maswali yake. Ataniuliza kwa nini niliandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikwisha kumuuliza karani mmoja wa mambo ya bima, nikijifanya namuulizia jirani. Akasema mtu akificha jambo kama hilo, kampuni inaweza kukataa kumlipa hata kama ada zake zote amelipa. Kwa hiyo ile hati anayojivunia mume wangu huenda ni pambo tu la ukutani.

Jana nilipoingia kufagia chumbani kwa mama mkwe, nilikuta kitanda chake hakipo tena kwenye ukuta wa nyuma. Amekisukuma mpaka mlangoni, hata mlango haufunguki vizuri.

"Mama, mbona umehamisha kitanda?"

Hakunitazama. "Kule kuna baridi," akasema.

Baridi, Mwanza hii! Nilisimama na ufagio mkononi, nikautazama ule ukuta wa nyuma. Kumbe naye amekwenda kuliona lile pengo. Amejisogeza yeye, akanyamaza, na wajukuu zake bado wanalala kule kule.

Mwaka wa bima unakwisha, na wakala atakuja na fomu nyingine yenye swali lile lile. Mume wangu amekwisha kununua kalamu mpya. Nikiandika ukweli, huenda tukaikosa bima, mume wangu atajua nilimdanganya, na lolote likitokea mama mkwe atasema nililiita. Nikiandika "Hakuna" mara ya pili, sijui nitawatazamaje wanangu.

Ninapoandika haya mvua inanyesha. Watoto wako shule, na leo namshukuru Mungu kwamba hawapo nyumbani. Lakini saa kumi watarudi, na usiku watataka kulala. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Nimeanzaje kuogopa maneno ya watu kuliko jiwe?