Mbwa wa Ukutani

Chumbani kwa bibi niliyekuwa nimeajiriwa kumhudumia kule ughaibuni, mjini Pearland, ilitundikwa picha ya kuchapwa ya karne ya kumi na tisa: mbwa kajilaza kitandani, anamlamba mtoto mchanga shavuni, na mama mtu anatabasamu! Mimi nimefunzwa kwamba mate ya mbwa ni najisi. Nitaswalije mbele ya ulimi ule? Kila adhuhuri niliigeuza itazame ukuta, nikimaliza naigeuza tena.

Siku moja nikasahau kuirudisha. Binti yake akaingia, akaiona, akafura kwa hasira.

"Nani kaigusa picha yetu?"

Kazi ndiyo hiyo inakwenda.

"Mimi," akasema bibi kutoka kitandani, na sote watatu tulijua kwamba tangu mwaka uliopita hakuwahi kusimama bila kushikwa.