Kombe Lililokwenda Migori kwa Sababu ya Omena

Kila nikikutana na mtu wa rika langu hapa Homa Bay, salamu haijaisha ananiuliza, "Katibu, kombe liko wapi?" Halafu anacheka. Liko Migori, ndugu yangu, na wewe unajua. Nimechoka. Nitaeleza mara moja, kisha niachwe nikae nyumbani kwangu, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani.

Miaka ya tisini tulikuwa na mashindano ya tenisi kando ya ziwa, kila Agosti. Wachezaji walikuwa walimu, makarani na wenye maduka wawili watatu. Watu wa Migori walikuja kwetu kwa sababu sisi tulikuwa na uwanja wa saruji. Wao walikuwa na wa udongo, tena wenye mbuzi. Sheria kubwa ilikuwa moja: mwenyeji akikosa kuandaa uwanja, kombe linaondoka na wageni. Mimi sikuwahi kushinda hata mechi moja. Nilifanywa katibu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mwandiko mzuri, na kila aliyenitafuta alinikuta nyumbani.

Saruji ile ilipendwa na wengine pia. Wanawake wa ufuoni walianika omena yao pale, wale dagaa wadogo wa ziwani, maana ikianikwa chini inashika mchanga na hakuna anayeitaka ila kuku. Tulikuwa tumeelewana: siku zote ni zao, Jumamosi ile moja ni yetu. Kazi ya katibu ilikuwa kuteremka Alhamisi kuwakumbusha. Mwendo wa nusu saa. Mwaka ule mvua ikanyesha Alhamisi, ikanyesha Ijumaa, nami nikajiambia: nani ataanika samaki kwenye mvua? Nikabaki na chai yangu.

Jumamosi jua likatoka kali. Kumbe omena ya siku mbili ilikuwa imerundikana ikilingoja jua hilohilo. Nilipofika, uwanja mzima ulikuwa unameta fedha, na wageni wamesimama kando na kaptura zao nyeupe, wameziba pua.

"Katibu," akasema nahodha wao, mwalimu mmoja mwenye mdomo, "hapa mtu anakuja na raketi ama na nyanya na kitunguu?"

Mwenyekiti wetu, muuza vitambaa aliyetoka pwani, akanigeukia. "Nenda kawaambie waondoe."

Nikatazama. Aliyekuwa akisimamia kazi, tawi la kufukuzia ndege mkononi, alikuwa maro, yaani mama mkwe wangu.

"Mwenyekiti, siwezi. Yule ni mama ya mke wangu."

"Basi si ndiyo vizuri? Mtu wa nyumbani!"

"Kwetu mkwe haamrishwi. Hata kumtazama usoni ni makosa."

"Jamani! Mimi mkwe wangu nakunywa naye kahawa."

"Basi nenda wewe."

Akaenda, akarudi akijifuta jasho. "Anasema ikirundikwa tena itaoza. Lakini kama ni mkwe wake anayeomba, wataondoa. Anataka neno lako tu."

Neno langu tu! Watu wote wakanikodolea macho. Nikasogea mpaka ukingo wa saruji. Maro aliponiona akajifunika leso, akanipa mgongo. Nami nikampa wangu. Tukasimama hivyo, omena katikati, mwenyekiti akipeleka maneno kama posta.

"Mwambie Mama namsalimia."

Akaenda, akarudi. "Ameitikia. Anauliza watoto."

"Mwambie wazima."

"Anasema amefurahi. Sasa sema habari ya uwanja, bwana wee!"

Nilifungua mdomo. Naapa neno lilikuwepo, nililihisi ulimini. Lakini nyuma yangu akina mama walikuwa wameacha kazi, kila mmoja akingoja kusikia binti ya mwenzao aliolewa na mtu wa namna gani.

"Mwambie," nikasema, "kazi iendelee."

Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitambaa chenye tundu. Watu wa Migori walipiga makofi, wakabeba kombe. Mwaka uliofuata walituita kwenye udongo wao, tukaenda wanne. Uliofuata, hakuna aliyeita wala aliyekwenda.

Jioni ya siku ile maro alituletea ndoo ya omena, na ujumbe kupitia mke wangu: mkwe wake amelelewa vizuri. Mke wangu akaikaanga kwa nyanya na kitunguu, na mimi, katibu wa mashindano, nikaila yote. Ilikuwa haina hata chembe ya mchanga.