Daraja la Bwana Rula

Mkunga alikuwa na sharti moja tu la kuhamia jijini, na alilisema mara moja huku akikunja nguo: kazini atakwenda kwa miguu. Si kwa basi, si kwa teksi, si kwa pikipiki ya mtu. Magari yalikuwa hayapatani naye tangu utotoni. Kilomita mbili za kukaa kwenye kiti, tumbo lilianza kumpanda. Kilomita tano, kila abiria wa karibu alikuwa ameshajua alichokula asubuhi. Mtu hawezi kuhudumia wazazi na vichanga katika hali hiyo, alisema, na mumewe akakubali kwamba hawezi.

Halikuwa sharti la maringo. Miaka ishirini na miwili alikuwa mkunga wa zahanati ya mji mdogo, na mara tatu alikuwa ameomba nafasi katika hospitali kubwa ya jijini, kwenye wodi ya watoto njiti. Mara ya nne wakamkubali. Ikatokea kwamba mwaka huohuo mumewe, mchora ramani wa serikali, akaitwa makao makuu. Ndoa nyingi zimevunjwa na barua za uhamisho. Yao ilihamishwa pamoja, na majirani wakasema hiyo ni bahati ya mtende.

Kutafuta mtaa ikawa kazi ya mume. Ofisini walimwita Bwana Rula, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila rula. Alikuwa mtu mwema, asiyeweza kumdhuru hata nzi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa watu wa kazi yake: aliamini karatasi kuliko macho. Mkewe alimshauri apige simu kwa mtu yeyote anayeishi kule, amuulize mambo yalivyo. Kuuliza si ujinga. Bwana Rula akajibu kwamba watu wana sababu za kudanganya, ramani haina.

Akatandaza ramani ya jiji kwenye meza ya chakula, na kwa siku tatu familia ikala sahani zikiwa magotini. Akachukua bikari, akachoma ncha yake juu ya hospitali, akazungusha duara la mwendo wa dakika kumi na mbili kwa hatua za mkewe, ambazo alikuwa amezipima ukumbini bila yeye kujua. Mitaa mitatu ikaangukia ndani ya duara. Wa kwanza ulikuwa nyuma ya uwanja wa mpira. Akaukata kwa sababu ya kelele. Wa pili ulipakana na soko la samaki. Akaukata kwa sababu ya lile tumbo. Wa tatu ulikuwa ng'ambo ya bonde: barabara moja iliyonyooka, daraja, kisha geti la hospitali. Kodi ya nyumba huko ilikuwa nusu ya kodi ya mitaa ile mingine. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Bwana Rula alijipongeza.

Nyumba yenyewe waliipata kwa simu, kupitia dalali. Dalali aliulizwa kuhusu maji, bati, choo na majirani, yaani mambo yasiyoonekana kwenye ramani, akayajibu yote vizuri na mengine kwa ukweli. Kuhusu daraja hakuulizwa. Nani amuulize dalali kama daraja lipo, na limechorwa? Kodi ya mwaka mzima ikalipwa.

Safari ya kuhama ilichukua saa tisa ndani ya lori. Kwa heshima ya Mkunga, tusiielezee. Walifika Jumamosi, na Jumapili wakapanga vyombo. Nyumba ilikuwa nzuri kweli: vyumba viwili, jiko lenye mwanga, na dirisha la jikoni lililotazamana na hospitali, karibu kiasi kwamba Mkunga aliweza kuhesabu mashuka yaliyoanikwa kule ng'ambo. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akamwambia mumewe kwamba tangu aolewe hajawahi kutendewa jambo zuri kama hili. Bwana Rula akafuta miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi walitoka pamoja, mume akiwa mbele ili kuonyesha njia. Barabara ilinyooka kama alivyoahidi. Dakika ya saba barabara ikaisha. Haikupinda wala haikupungua upana. Iliisha tu, ukingoni mwa korongo lenye kina cha nyumba tatu, na chini kulikuwa na maji meusi, vichaka na jokofu bovu. Ng'ambo, barabara ilianza tena na kuendelea mpaka getini. Mlinzi wa hospitali alionekana waziwazi akipiga miayo.

Bwana Rula akatoa ramani. Akaitazama, akalitazama korongo, akarudi kwenye ramani. Waliosema mwenye macho haambiwi tazama hawajafanya kazi kwenye ofisi ya ramani.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake aliwauliza kama ni wageni. Wakasema ndiyo. Akawauliza kama wanatafuta daraja. Wakasema ndiyo.

"Limo kwenye ramani," alisema yule mama, akaendelea kufagia.

Njia ya kuzunguka ilikuwa saa moja na dakika ishirini kwa miguu, kupitia karakana za magari, kituo cha mafuta na mlima usiokuwa na haya. Mkunga aliitembea siku hiyo, akachelewa siku yake ya kwanza kazini, akarudi kwa njia ileile. Jioni alitia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akasema aliyokuwa ameyafikiri njia nzima. Zahanati ya zamani isingemwajiri mtu mwingine hadi mwisho wa mwezi. Atajaribu mpaka siku hiyo. Asipoweza, atarudi kule peke yake, na mumewe abaki na nyumba yake na dirisha lake. Hakupandisha sauti. Angepandisha, mumewe angeogopa kidogo tu.

Yule mama mfagiaji kumbe ndiye mwenyekiti wa mtaa. Bwana Rula alimwendea siku ya tatu, akakuta faili limeshawekwa mezani, kwa maana mwenyekiti alikuwa na uzoefu na wahamiaji wapya. Ndani mlikuwa na barua kumi na moja za kuomba daraja, za miaka kumi na minne, na majibu kumi na moja yaliyosema jambo moja: kumbukumbu za ofisi zinaonyesha daraja lipo, kama limeharibika, wananchi wajaze fomu ya matengenezo. Mwaka mmoja wananchi, kwa kuchoka, wakajaza fomu ya matengenezo. Lori likaja na mafundi wanne na ndoo za rangi. Mafundi wakalikosa daraja, wakapaka rangi jiwe moja kubwa lililokuwa ukingoni ili wasirudi na ndoo, wakaandika ripoti kwamba kazi imekamilika. Bwana Rula alilitazama jiwe lenyewe. Lilikuwa jeupe.

Akaenda ofisini na hasira za mtu mwenye haki. Alitaka kumjua mpumbavu aliyechora daraja lile. Ramani za kompyuta, na hata zile za kwenye simu, zote zilinakiliwa kutoka kwenye karatasi za zamani zilizochorwa kwa wino, na karatasi hizo zilihifadhiwa chini ya ardhi, kwenye droo pana za chuma. Akateremka, akavuta droo, akaitoa karatasi yenyewe. Kwanza aliona namba saba zilizokuwa na mkia uliopinda kushoto. Akazijua kabla hajazifikia herufi za jina zilizoandikwa pembeni. Hakuna mtu mwingine serikalini aliyeandika saba namna ile.

Miaka kumi na minne nyuma, makao makuu yalipozidiwa na kazi, yaligawa karatasi za jiji kwa ofisi ndogo ili zipigwe wino. Yeye alipata moja. Maelekezo yalisema daraja lingejengwa mwaka unaofuata, hivyo lichorwe kwa vistari vya kukatakata, alama ya kitu ambacho bado hakijakuwepo. Alivichora. Kisha akavitazama vile vistari, akaona kwamba baada ya miezi michache karatasi itarudishwa kwake ili aviunge. Kazi moja ifanywe mara mbili ya nini? Akaviunga palepale. Mkuu wake wa wakati huo aliusifu mstari ule kwa unyoofu. Pesa za daraja hazikupatikana mwaka uliofuata, wala mwaka wa pili, na baada ya hapo hazikuwa na sababu ya kutafutwa.

Bwana Rula alikaa kwenye ngazi za stoo mpaka miguu ikafa ganzi.

Kusahihisha ramani kunahitaji fomu, na fomu ile ina sehemu ya chanzo cha kosa. Mkuu wake mpya, mtu wa huruma, alimshauri kirafiki aandike mvua. Karatasi nyingi ziliharibiwa na mvua miaka ile, hakuna atakayefuatilia. "Mvua haina pensheni," alisema mkuu. Bwana Rula akashika kalamu juu ya fomu kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuishika kalamu yoyote. Halafu akaandika: mchoraji. Akapewa barua ya onyo siku hiyohiyo, na cheo alichoitiwa jijini akapewa kijana aliyejua kompyuta.

Sasa kulikuwa na kazi ya kumwambia mke. Mficha uchi hazai, na mbele ya mkunga methali hiyo ina uzito wake. Alimkuta na beseni lake, akamweleza yote akiwa amesimama, kuanzia vistari mpaka barua ya onyo. Mkunga alisikiliza akitazama miguu yake, iliyokuwa imevimba mpaka vifundo havionekani.

"Kwenye fomu umeandika nini?"

"Mchoraji."

Mkunga akasema kwamba yeye ana siku nane za kutembea njia hiyo, lakini kuna watu wana miaka kumi na minne, na hao ndio wa kuambiwa.

Basi mume akaenda kwa mwenyekiti. Alitegemea kufokewa, na angeshukuru kufokewa. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba mkwe wake alishikwa na uchungu mwaka wa tano wa zile barua, wakamtoa kwenda hospitali kwa njia ya kuzunguka kwa sababu gari halikupatikana, akajifungulia nyuma ya kituo cha mafuta. Mama alipona. Mtoto hakupona. Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kutaja bei dukani. Bwana Rula akatoka bila kuaga vizuri. Alimsimulia mkewe, lakini usiku na mchana wa siku zilizofuata jambo hilo lilimkaa kifuani, na hakujaribu kuliondoa.

Jibu la ofisi kwa mtaa lilikuja siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi mapema, kabla jua halijapata nguvu. Mwenyekiti alilileta mwenyewe, mbio, kanga imefungwa vibaya, na kwa mara ya kwanza alikuwa anacheka. Akalisoma mlangoni kwao kwa sauti. Ofisi ilikuwa imethibitisha kwamba daraja halipo. Kwa kuwa sasa halipo, ombi la wananchi limepokelewa na kusajiliwa kama jipya. Foleni ya madaraja ni miaka tisa.

"Tisa," alirudia mwenyekiti, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha. "Wameandika namba, mwanangu. Wameandika namba."

Akaenda kuwaonyesha wengine. Wao wawili wakabaki mlangoni. Mkunga alikuwa amebakiza miaka saba kustaafu, na mumewe alilijua hilo vizuri, maana hesabu zilikuwa kazi yake. Ndani, sanduku la mke lilikuwa kitandani. Mume ndiye aliyelishusha jana yake kutoka juu ya kabati, akalifuta, ili mwenzake asihangaike. Kwa aibu yake, ndilo jambo pekee alilokuwa ameweza kumfanyia.

"Kwa hiyo sitalipita," alisema Mkunga.

"Hutalipita."

"Watapita wajawazito wa huku."

"Ndiyo."

Akaingia ndani. Bwana Rula akasikia sanduku likiburutwa, kisha likigonga ukuta juu ya kabati, mahali pake pa zamani. Mkewe akatoka amevaa sare na viatu vya raba, akasema kwamba kule wodini kuna mtoto wa gramu mia tisa aliyemwacha jana akianza kunyonya, na kwamba hajaja jijini kwa ajili ya daraja, wala kwa sasa hajabaki kwa ajili ya mtu. Mumewe akauliza kama anaweza kumsindikiza. Akajibiwa kwamba njia ni ya watu wote.

Wakazunguka kwa saa moja na dakika ishirini, mume akiwa amebeba mkoba. Walipofika nyuma ya kituo cha mafuta, wote wawili walipunguza mwendo. Getini Mkunga akaupokea mkoba wake, akamwambia anatoka saa kumi, asimsubirishe.