Madaftari Matatu ya Ukoo wa Kalembwe

Nilikuwa nimejifunika kanga usoni, nikisinzia kwenye benchi la zahanati mjini Mpanda, niliposikia jina la ukoo wangu likiitwa. Kabla sijaifunua kanga, sauti mbili zilikwisha kuitika, moja ya mzee mwenye kikohozi, nyingine ya mwanamke. Nilipofungua macho, watu hao walikuwa wamesimama mbele ya dirisha la dawa, wakitazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba amemwibia zamu. Muuguzi akauliza, "Kalembwe yupi?" Mimi sikusimama. Niliujua mtazamo ule. Nilikulia ndani yake.

Turudi basi, rafiki yangu, hadi miaka ya sabini, mtaa wa Nsemulwa hapohapo Mpanda, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mwalimu, akihamishwa shule hadi shule, nami nikaachwa kwa bibi ili nisihamehame naye. Ulikuwa msimu wa mvua. Mahindi yalikuwa yamesogea hadi ukutani, kumbikumbi tuliwakaanga bila mafuta, na asubuhi wanawake walitoka porini na vikapu vya uyoga ulionukia udongo na majani. Kazi yangu ilikuwa kuosha michembe, vile vipande vya viazi vitamu tulivyovianika kiangazi. Bibi aliipika kwa karanga za kutwanga, na mvuke wake ulikaa kwenye nywele zangu hadi Jumatatu shuleni.

Tuliishi watatu: bibi, mimi, na shangazi, kitindamimba wa bibi, aliyefundisha kisomo cha watu wazima kila alasiri na kurudi na vumbi la chaki kwenye nyusi. Shangazi alikuwa na mchumba, fundi baiskeli wa Shanwe, kijana mpole aliyenuka gundi ya kuzibia mipira hata akiwa amevaa nguo za kanisani. Tatizo lilikuwa moja tu. Fundi naye aliitwa Kalembwe.

Wakati ule kaya saba pale Mpanda zilikuwa na jina hilo, na zote zilihesabiana ndugu. Mmoja akifiwa, sita walikuja na majembe bila kuitwa. Mmoja akizidiwa na magugu shambani, waliingia naye mstari mmoja. Mkubwa wao alikuwa babu wa Ilembo, mgane asiye na mtoto, mrefu, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa jua na mvua. Marehemu babu yangu alimwita kaka, bibi alimwita shemeji, na kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu kula.

Padri aliposoma tangazo la kwanza la ndoa ya shangazi, babu wa Ilembo alisimama katikati ya kanisa, koti limelowa mabegani, akasema bila kupaza sauti kwamba hao wawili ni ndugu, na Kalembwe haoi Kalembwe. Nakumbuka benchi zilivyolia watu walipogeuka wote kwa pamoja. Padri akasimamisha matangazo. Akasema wazee wamletee asili ya ukoo, iliyoandikwa na kukubaliwa na wote, mapema kabla ya Kwaresima. Ikishindikana, hakuna ndoa.

Kuanzia siku hiyo tuliishi kama watu waliovuliwa nguo. Kisimani mazungumzo yalikatika shangazi alipoinama kuchota. Jirani yetu, aliyekuwa akiazima ungo kila siku na kukaa hadi uji uive, sasa aliurudisha kwa kuupitisha juu ya ua, akikwepa kuingia. Nilimsikia akimuuliza mwenzake ni mama wa namna gani anayemwoza binti kwa kaka yake. Swali hilo nililibeba hadi nyumbani. Maana ni kweli, fundi alipoleta posa, bibi alikuwa ameitika siku ileile, na bibi hakuwa mtu wa kuitika jambo lolote siku ileile.

Shangazi alisema ataandika asili ya ukoo yeye mwenyewe. Babu wa Ilembo akakataa; mwenye harusi, alisema, hawezi kuwa karani wa kesi yake. Fundi akasema basi aandike babu. Hapo bibi alicheka kwa puani, akasema huyu akipewa kalamu ataandika hata mbuzi wa jirani kuwa ni Kalembwe. Kutokana na kutoaminiana huko wakazua utaratibu ambao sijauona tena popote. Madaftari yawe matatu, la shangazi, la fundi na la babu. Katikati ya wiki kila mmoja azunguke kaya zote saba peke yake, akiuliza swali moja walilokubaliana. Jumapili wakutane kwa bibi na kusomeana. Mstari uliomo katika madaftari yote matatu ubaki. Uliokosekana hata katika moja, au uliotofautiana, ukatwe.

Na ili mtu asichungulie na kuongeza neno, waliketi wamepeana migongo, watu wazima watatu juu ya vigoda vitatu katikati ya sebule, kama watahiniwa wa darasa la saba. Wapenzi wale hawakuruhusiwa hata kutazamana. Bibi alisimamia, akimenya karanga, na mvua ikipiga bati.

"Nyie wawili mnapumua pamoja," babu alilalamika. "Fundi, sogeza kigoda."

"Mzee, nikisogea tena nitakuwa nje."

"Huko nje ndiko alikokuwa," bibi akamwambia babu, "kabla hujamfanya ndugu yetu kwa nguvu."

Walikuwa wakitaniana hivyo kwa midomo, lakini macho hayakutaniana. Bibi aliamini babu ana lake. Jikoni aliniambia kwamba tangu mumewe afe, mtu huyu hukagua bati la nyumba kila Jumapili, na shemeji akianza kukagua bati ujue anataka kumrithi mjane aliye chini yake. Babu naye hakumwamini bibi. Alimwambia wazi kwamba aliitika posa kama mtu aliyekuwa anaingoja mlangoni. Nami, Mungu anisamehe, sikumwamini yeyote. Niligundua kwamba kila maneno yalipomfikia baba wa marehemu babu yangu, bibi alikumbuka chungu chake na kukimbilia jikoni. Moto niliukoka mimi. Nilijua chungu hakijachemka.

Jumapili ya kwanza waliulizana majina ya mababu. Jina la baba kila kaya ililijua. Zaidi ya hapo, hakuna kaya iliyokutana na nyingine. Majina yalitawanyika, na kalamu zikakata. Jumapili ya pili ilikuwa asili ya kwao. Mmoja alitoka Ufipa, mwingine Ukonongo, mwingine ng'ambo ya ziwa, mwingine alisema tu mbali. Zikakata tena. Babu alisema wanaongopa, au wamesahau, au wamehongwa kwa kuzibiwa mipira bure. Lakini shangazi aliacha kuona haya kisimani. Nilimwona akifua kitambaa cheupe cha harusi na kukianika mbele ya nyumba, mahali ambapo jirani angekiona.

Jumapili ya tatu waliuliza mwiko: nyama gani hailiwi katika ukoo wenu. Swali zuri, kila mtu alikubali, maana jina linaweza kubadilika lakini mwiko haubadiliki. Tena lilipendekezwa na shangazi.

Alianza babu. Kaya ya kwanza, hawali nyama ya porini. Ya pili, hawali nyama ya porini. Ya tatu vivyo hivyo, hadi ya saba. Fundi akafungua lake, na sauti yake ikaanza kufifia akiwa bado kwenye kaya ya pili, kwa sababu lilikuwa na maneno yaleyale. Shangazi hakusoma. Alilipitisha daftari lake nyuma ya bega, babu akalipokea, akalitazama, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze hapakuwa na mstari wa kukata.

"Mnaona," babu alisema polepole. "Mwiko mmoja. Ukoo mmoja. Utaratibu ni wenu wenyewe."

Wewe uliyekaa Mpanda umekwisha kuelewa kilichotokea. Watu watatu, wiki moja, kila mmoja na daftari, wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza mnakula nyama gani. Nani asingedhani wametumwa na bwana nyama, yule mlinzi wa wanyama wa pori aliyeweza kumpeleka mtu mahakamani kwa sababu ya mguu mmoja wa nyati? Kaya zote saba, hata yetu ambayo haikutaka jambo hilo liandikwe, zilikuwa zimeogopa kwa namna moja, na hofu yao ilikuwa imeandikwa mara tatu kwa wino wa bluu. Lakini sebuleni mle hakuna aliyethubutu kulisema hilo, maana kulisema kungekuwa kukiri.

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilikuwa na tumaini kwamba angelia, kwa sababu kilio ningekielewa. Hakulia. Alikuwa akifuta chaki kwenye kucha zake, kidole kimoja kimoja.

Bibi aliinuka, akaenda jikoni. Safari hii alirudi na chungu chenyewe, akakiweka sakafuni mbele ya babu na kukifunua. Harufu ikajaa chumba, ile harufu nzito ya nyama iliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga.

"Nyati," bibi alisema. "Jumapili iliyopita alikuwa swala. Shemeji, umekula mwiko wetu mwaka wa nne sasa na hujaugua hata tumbo."

Fundi alicheka, akajizuia. Babu hakucheka. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeshika ukingo, kwamba hata hivyo jina linabaki, na jina halipikwi chunguni. Hapo bibi aliketi chini, mikono juu ya magoti.

"Niseme mimi, au utasema wewe?"

Babu alilitazama daftari lake. "Sema wewe," akajibu. "Mimi nitaongopa."

Bibi akaeleza, akimtazama binti yake. Zamani, mgodi wa madini ya risasi ulipokuwa ukifanya kazi, vijana walikuja kutoka kila upande kuomba kuchimba. Karani hakuwa na subira na majina yao. Aliwapanga kwa nyapara, na kwenye kipande cha kila mmoja, ile kadi ya kazi, aliandika jina la nyapara wake. Nyapara mmoja aliitwa Kalembwe. Kwa jina hilo vijana wake walipangwa zamu, kwa jina hilo walibatizwa, kwa jina hilo wakaoa na kuandikisha watoto. Mgodi ulipofungwa, wenye kwao walirudi kwao. Waliobaki walibaki na jina. Mumewe alikuwa mmoja wao, na baba yake fundi mwingine. Bibi mwenyewe aliapa kutolisema, kwa sababu mtu asiye na ukoo akifa huzikwa na wapita njia. Alitumaini madaftari yatakata kila kitu yenyewe, bila kinywa chake.

"Na wewe, baba mkubwa?" shangazi akamuuliza babu.

"Kalembwe alikuwa baba yangu," alisema. "Hakuniachia ng'ombe. Hakuniachia shamba. Siku tulipomzika, wale vijana walisimama kaburini wakamlilia baba. Nikasema, basi, hawa ndio nilioachiwa. Ukiolewa na huyu, watu watauliza. Wakiuliza, wote mtajua. Ningebaki na nani? Tangu tuitane ndugu, nani amedhurika?"

"Mimi, baba mkubwa."

Babu alikata mstari wa mwiko katika daftari lake, kisha akanyoosha mkono nyuma kuomba la fundi, akaukata na huko, na katika la shangazi. Akasema kesho asubuhi atakwenda kwa padri mwenyewe.

Shangazi alimgeukia bibi, akauliza kama baba yake hakuwa Kalembwe, alikuwa nani. Bibi alisema mumewe hakumtajia. Alimuuliza mara moja tu, wakiwa wachumba, naye akajibu kwamba kule alikotoka hawamtafuti. Hadi leo nashuku bibi alilijua jina hilo. Alijibu haraka, kama alivyoitika ile posa.

Matangazo mawili yaliyobaki yalisomwa, na ndoa ikafungwa siku chache kabla ya Kwaresima. Shangazi alitoka kanisani na jina lilelile aliloingia nalo, ila sasa lilikuwa la mumewe. Tulikula wali wa Mpimbwe na kuku watatu, na jirani yetu aliingia kwa mlango wa mbele akiimba kuliko wote. Lakini msimu uliofuata, magugu yalipotuzidi, hakuja mtu. Hapakuwa na ugomvi. Kila kaya ilikuwa tu imeanza kujiuliza kwa nini iende. Miaka baadaye bibi alipofariki, tulipokea majembe ya kaya moja tu, na kaburi lilimaliziwa na vijana tuliowaomba njiani. Ile desturi ya kaya sita kuja bila kuitwa, sikuikuta tena mahali popote nilipoishi. Mara nyingine nawaza kwamba uongo wa karani asiye na subira ulitulea vizuri, na sisi wenyewe tuliukata kwa kalamu.

Yote hayo yalikuwa bado mbele Jumapili ile. Mvua ilikuwa imekatika, nyama imepoa bila kuguswa. Babu wa Ilembo alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Shangazi akainuka amsindikize hadi njia panda. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu. Anayesindikizwa ni mgeni."

Akatoka. Alisimama uani kidogo, ametugeuzia mgongo, kama anayengoja kuitwa. Shangazi alimtazama bibi. Bibi alimtazama mzee yule, tangu viatu hadi kichwani, kwa jicho lake lile lisiloamini. Kisha akausukuma mlango taratibu, mlango ambao mchana haukuwa ukifungwa, akashusha komeo.