Sentimita tano za kipandio cha juu

Siku ya kwanza kazini, kule machimbo ya Kilo, Kapita aliniuliza nani amenituma kumuletea chakula. Nilimwambia sikuleta chakula, nimekuja kufanya kazi. Alikuwa muzee asiyejua kusoma, musimamizi wa watu wanaotengeneza ngazi za kushukia mu mashimo ya dhahabu. Nilimwonyesha diplome yangu ya construction, yaani ujenzi. Aliigeuza mbele na nyuma, akanirudishia, akanipa musumeno.

Ninawaandikia ninyi wasichana munaosoma construction, munaoniuliza hii kazi ilikuwa namna gani wakati wa vita. Mukitaka muniite muzee, muniite. Mutoto wangu hajaanza hata shule, lakini kazi yangu imekwisha, na mwenye kumaliza kazi ana ruhusa ya kusimulia.

Yule Kapita alipima kila kitu kwa mukono wake, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na ngazi zake hazikuangusha mutu. Kanuni yake ilikuwa moja: vipandio vyote vilingane kwa urefu. "Muguu haina macho," alikuwa anasema. "Inakumbuka tu kipandio cha nyuma. Ukiibadilishia, umeidanganya." Shuleni walinifundisha jambo hilohilo kwa Kifaransa, kurasa sita.

Vita ilipofika kwetu nilikimbilia Bunia, niko na mimba. Mutoto alizaliwa, nikamwita Dieumerci. Akiwa bado ananyonya, nikapata kazi kwa Bwana Conducteur, yaani mukubwa wa ujenzi, yule anayesoma plan, ule muchoro wa nyumba, na kugawa watu. Siku hiyohiyo alimuchukua kazini na musichana mwingine, Mado.

Nitasema wazi, Mado nilimuonea wivu toka saa ya kwanza. Tulikuwa na diplome sawasawa. Lakini yeye alivaa suruali isiyoshika simenti, sijui kwa dawa gani, na Kifaransa chake kilitiririka. Miye nilikuwa na alama ya maziwa kwenye blauzi.

Tulipewa kazi ya kubadilisha ngazi ya atelier moja ya kushona. Atelier ilikuwa juu, depo ya kuweka vitambaa chini, na ngazi ya mbao kati yao ilikuwa imeliwa na muchwa. Conducteur alitaka kuivunja yote kwa siku moja, wamama wanaoshona wapande kwa ngazi ya kuegemeza mpaka ya simenti iishe.

Muchana, tukikula muhogo, nilimwambia Mado hilo halifai. Wale wamama wanapanda na watoto mugongoni. Mama Neema, mukubwa wa mashine, anatembea na fimbo toka risasi ilipomupata. Bunduki zikilia, watashukia wapi? Ngazi mupya ijengwe upande mwingine, ya zamani ibaki mpaka simenti ikauke. Mushikio uwe pande zote mbili, uanzie mbele ya kipandio cha kwanza, Mama Neema aushike akiwa bado kwenye sakafu. Na mulango wa juu usifungukie kwenye vipandio.

Asubuhi yake Mado alimwambia Gérant, musimamizi wa atelier, maneno yangu yote, kwa mupango uleule, kwa Kifaransa. Gérant akamugeukia Conducteur: "Huyu ndiye anafikiri." Siku hiyo Mado akawa kapita.

Nilimukamata nyuma ya depo. "Yale maneno yalikuwa yangu."

"Yalikuwa ya kazi, Mama Dieumerci," alinijibu, bila kukasirika. "Ungesema weye, wangesikia?"

Hapana, wasingesikia. Hiyo ndiyo iliniunguza.

Ikafika siku ya kupima. Mado alishika mètre, utepe wa kupimia, juu, miye nikashika ncha yake chini. Alisoma mita mbili na sabini na mbili. Vipandio kumi na sita, sentimita kumi na saba kila kimoja. Aliandika mu kaye, daftari lake. Lakini alikuwa amepima mpaka kwenye sakafu tupu, na plan ilisema sakafu ya juu itaongezwa chape, ile simenti laini ya kumalizia, sentimita tano. Chape ikimwagwa, kipandio cha mwisho juu kitakuwa na ishirini na mbili.

Niliona palepale. Nilikuwa ninashika mètre, na nilinyamaza. Nilitaka Conducteur aje alione kosa mwenyewe, amuaibishe mbele ya Gérant.

Conducteur hakuja kupima. Simenti ilikauka, ngazi ya zamani ikavunjwa, chape ikamwagwa. Siku ya kwanza wamama walijikwaa wakacheka. Mama Neema akasema hii ngazi inameza muguu. Kisha wakazoea, kila mumoja akaruka kidogo pale juu. Kila jioni nilijiambia nitasema kesho.

Siku ya kukabidhi kazi Mado alitoka kwenye shantye nyingine, mahali pengine pa ujenzi, akapanda kuonana na Gérant. Hakuwa amefika toka chape imwagwe. Alijikwaa pale juu, akatazama kiatu chake, akaendelea. Miye nilikuwa uani ninachunga muchanga. Dieumerci alikuwa amelala juu, mu kikapo cha vipande vya nguo, pamoja na watoto wengine.

Bunduki zikaanza upande wa airport. Wamama wakashuka, kila mumoja na mutoto wake, na kila mumoja akaruka pale alipozoea. Mama Neema alishuka ameshika mushikio. Nilikimbilia ngazi, lakini walikuwa wameijaza. Mado akatokea wa mwisho, amemukumbatia mutoto wangu. Muguu wake ukatafuta kipandio, haukukipata.

Hakutoa mukono kujikinga. Mikono yote miwili ilibaki kwa Dieumerci. Alishuka kwa goti na mugongo mpaka katikati. Mutoto alilia kwa kuamushwa tu.

Tulimulaza juu ya mulango wa zamani uliong'olewa, tukamubeba mpaka hospitali. Goti halikunyooka tena.

Conducteur alipima, akakuta ishirini na mbili, akaenda hospitali kumuuliza Mado nani alipima. Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda. Mado alinitazama miye na mutoto.

"Ni miye," alisema. "Peke yangu."

Alidhani ananiokoa nisifukuzwe, kwa sababu ya kushika tu ncha ya mètre. Hakujua kwamba nililiona kosa toka mwanzo. Hata hapo alinipita.

Conducteur alinipa mètre na ukapita, cheo kile nilichokitamani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusahihisha ile ngazi. Niligawanya zile sentimita tano kwa vipandio vyote kumi na sita: milimita tatu na kidogo kila kimoja. Hakuna muguu unaosikia milimita tatu. Nilipomaliza nilishuka nimefumba macho, nikarudisha mètre kwa Conducteur, nikaacha kazi.

Sasa ninauza ndizi na chumvi. Mado anakaa njia ya pili. Dieumerci akisikia fimbo yake barabarani anaacha chakula, anakimbia kumushika mukono, anatembea polepole kama yeye. Anamwita mama. Miye ananiita jina langu, kama wateja.

Nyinyi munaopima, semeni siku ileile, hata kama aliyekosea munamuchukia. Na weye Mado, najua barua hii itakufikia. Nilijua toka siku ya mètre. Njoo uniulize. Mutoto atakufungulia, yeye anakusikia kabla yangu.