Nahodha Mwenye Leso Mgongoni

Nilikuwa nakuna nazi jirani alipoingia anatweta. "Shoga, mumeo yuko barazani mtaani Kuze, kamfunga mtoto mgongoni kwa leso! Wanaume wanamcheka."

Nikaacha kukuna. Akiona haya, kesho mtoto ni wangu peke yangu tena.

Chanzo ni binti yetu, anayeandika daftarini mwendelezo wake wa tamthilia tunayotazama. Kwenye runinga nahodha hamshiki mwanawe. Kwenye daftari la binti humbeba kwa leso. Mume wangu hapitwi na ukurasa.

Magharibi akarudi, leso ingalipo. "Waliponicheka niliwahadithia ya nahodha na mwanawe mwenye homa. Sasa wauliza, homa ya mtoto huyo imeshuka?"

"Bado sijaandika, baba."

Basi waliosema ulezi ni wa kike wanamhangaikia mtoto asiyekuwapo. Nikapakua wali, nikahesabu vichwa: vinne, kimoja kimelala mgongoni.