Kiti cha Nje kwa Tonton Kambale

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka. Nimezeeka, nasahau nilipoweka miwani, nasahau hata jina la padri mpya wa parokia, lakini Jumapili ile naikumbuka yote. Nimekusudia kukusimulia tangu uliponiita nije kuona televisheni yako mpya, hiyo bapa inayojaza ukuta. Umenionyesha jasho kwenye uso wa mchezaji wa mpira, ukaniambia hiyo ndiyo HD, na kwamba bei imeshuka hadi wauza samaki wa sokoni wananunua. Nimefurahi nawe, sikuja kukuharibia raha. Ila punguza sauti kidogo unisikilize.

Miaka ya vita hapa Kisangani, majeshi mawili ya wageni yaligawana mji wetu, kisha yakagombana humo humo sisi tukiwa katikati. Mto ulifungwa, meli za kutoka Kinshasa hazikufika tena. Chumvi ilipanda bei, sabuni ikapanda, dawa ndiyo usiseme. Kitu kimoja tu kilishuka: televisheni. Usicheke. Ndege zilikuja kutoka mashariki kuchukua mali yetu, na hazikupenda kuja tupu, basi zilileta televisheni na mashine za kuchezea diski. Kila mfanyabiashara alileta zake, wakashindana kuuza. Mtu alikosa chumvi ya kutia kwenye pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, lakini sebuleni kwa jirani yake kulikuwa na rangi na vicheko.

Kwenye avenyu yetu, kule Mangobo, wa kwanza kununua alikuwa Tonton Kambale, muuza vitambaa aliyetoka Butembo, mjomba wa avenyu nzima. Alikuwa mtu mwema, nataka ulielewe hilo kabla sijaendelea. Kila Jumapili baada ya misa alifungua sebule yake, akawasha jenereta nyuma ya nyumba, akaweka diski za maigizo ya Kinshasa. Hakumtoza mtu chochote. Tulikuwa hatujaiona Kinshasa wala kupata habari za ndugu zetu wa kule kwa muda mrefu, na ghafla tukawasikia watu wakigombana kwa Lingala kuhusu mahari na mama wakwe. Picha ilikuwa safi mno, tofauti na zile kaseti za zamani zilizokuwa zikitetemeka. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Nusu ya avenyu ilihamia pale.

Sasa, wakati ule tulikuwa na sheria yetu, ambayo hakuna serikali iliyotufundisha. Askari walikuwa wakipita kukamata wanaume wawabebee mizigo na masanduku ya risasi. Aliyewaona kwanza alichukua sufuria na kulipiga kwa mwiko. Jirani akisikia alipiga la kwake, na wa baada yake naye, hadi mwisho wa avenyu. Kabla hujakimbia, unapiga. Ukikimbia bila kupiga, umemwacha mwenzako wa mbele gizani. Wanaume walikuwa wakiteremka kwenye majani marefu karibu na mto Tshopo, na askari wakikuta wanawake na watoto tu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa. Niliishi na mama yangu, mwanangu wa kwanza aliyekuwa bado ananyonya, na mdogo wangu Fidele. Fidele alikuwa kijana wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Aliipenda baiskeli ile kama mke. Nilimtania kwamba siku ya harusi yake ataivika shela.

Jumapili hiyo mama alikwenda kwa Tonton Kambale. Mimi nilibaki kumwogesha mtoto, na Fidele alikuwa mbele ya nyumba akishona upya mto wa kiti cha abiria. Kutoka pale tulisikia jenereta likinguruma na kelele za igizo. Fidele alisema ataenda akimaliza kushona.

Juu, mwanzoni mwa avenyu, waliwaona askari wakipita avenyu ya jirani. Walipiga masufuria. Nyumba za juu zote zilipiga. Sauti ilifika nyumba ya Tonton Kambale ikafia hapo, maana waliokuwa ndani hawakusikia kitu, na nyumba zilizofuata hazikuwa na mtu, wote walikuwa ndani wakitazama. Askari walipenya kati ya nyumba, wakatokea upande wetu wa chini. Niliinua kichwa, nikaona viatu vyao.

Mwanangu, sitakudanganya, sikupiga kelele hata moja. Waliitazama baiskeli, wakaona ina mahali pazuri pa mizigo, wakamwambia Fidele asimame. Alisimama na sindano bado mkononi. Walimfungia magunia mawili yaliyotoka nyumba nyingine, na sanduku zito juu yake, wakamwambia asukume. Alinigeukia mimi dada yake mkubwa.

"Ya, mwambie Mama nakuya," alisema. "Asilie."

Walikwenda upande wa barabara ya Bengamisa. Nilimkumbatia mtoto akiwa na povu mwilini na kukimbia hadi kwa Tonton Kambale. Nilipofungua mlango, watu walikuwa wakicheka. Sikumlaumu hata mmoja kwa kicheko kile wakati huo, nilikuwa sina hata nafasi ya kulaumu. Nilisema tu kwamba wamemchukua Fidele. Mtu alizima mashine, na katika ule ukimya tukasikia masufuria ya juu, bado yanapigwa.

Tulisubiri. Kila aliyefika kutoka Bengamisa tulimuuliza. Mmoja alisema amemwona kijana mwenye baiskeli karibu na Banalia, mwingine akasema wabebaji wa siku ile walivushwa mto. Baada ya hapo habari zilikatika. Hasira ikanijaa mpaka sikulala. Asubuhi moja nilichukua mchi wa kutwangia pondu, nikaenda kwa Tonton Kambale, nikaingia bila hodi na kusimama mbele ya televisheni. Tonton alikuwa ameketi kitini, macho mekundu. Hakunizuia. Aliniambia nipige, kwamba hata yeye haitaki tena.

Aliyenizuia ni mama yangu. Alikuwa amenifuata nyuma kimya, akaushika ule mchi.

"Acha," alisema. "Ukivunja hii, kesho batauza ingine. Bei inashuka kila siku. Utavunja ngapi?"

Nilimwambia mashine hii ndiyo imemchukua mtoto wake. Akaniangalia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona tangu utotoni.

"Mashini haina masikio. Siye ndiyo tuko na masikio. Mimi pia nilikuwa humu ndani, nilicheka mupaka machozi ikatoka. Utanivunja na mimi?" Halafu akamgeukia Tonton. "Bon. Jumapili uwashe tena, batu bacheke, maana maisha iko nguvu, inachosha. Lakini mutu mumoja akae inje na sufuria. Jumapili ya kwanza, nitakaa mimi."

Alikaa. Alikaa hiyo ya kwanza, na iliyofuata alikataa kuondoka kitini. Watu walitaka kupokezana kiti cha nje kwa zamu, lakini yeye hakutaka zamu. Ndani walicheka, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa kawaida, na yeye alikuwa nje ameupa mlango mgongo, sufuria mapajani. Mimi iliniuma. Niliona kama anawahudumia waliomsahau mwanawe.

Kisha siku moja askari walirudi. Juu walipiga, na mama yangu alipiga hadi mwiko ukavunjika, akaendelea kwa kiganja. Sebule ilikuwa imejaa vijana. Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakateremka mtoni, na nyumba za chini zote, hadi yetu ya mwisho, zilipata sauti. Hakuchukuliwa mtu. Jioni vijana wale walikuja mmoja mmoja kumpa mama mkono. Aliwapokea wote, akawauliza majina, kisha akaingia chumbani na kulia kwa sauti. Ndiyo mara pekee niliyomsikia.

Fidele hakurudi. Hatukupata kaburi wala neno. Mama alikufa akiwa bado anauliza watu wa Banalia.

Basi nakusihi hivi, mwanangu. Furahia picha yako safi. Nunua na kubwa zaidi bei ikishuka tena, mimi nitakuja kukaa nawe, hata mpira nitajifunza. Lakini usijaze nyumba kelele kiasi kwamba mtu akikuhitaji lazima avunje mlango. Jua nani hayupo sebuleni, na kwa nini hayupo. Na watu wakikusanyika kwako kufurahi, wewe mwenye nyumba uwe wa kwanza kutoka nje kusikiliza, usimwachie mama wa mtu.

Mungu akubariki wewe na wote watakaokaa mbele ya kioo hicho. Akupe watoto, akupe vicheko vingi. Na siku utakapoita wewe, awepo mtu wa kukusikia.